Picha Nane za Mama Mmoja wa Wete

Jumatatu iliyopita, baada ya laasiri, uliniingilia ujumbe wa sauti kutoka Wete, Pemba. Mwanamke, sauti imemkauka. "Asalaam alaykum dada. Samahani kwa usumbufu. Wewe ndiye uliyetupigia picha harusi ya mdogo wangu mwaka 2019. Mama ametutoka. Ijumaa tunamsomea hitma. Nakuomba, kama umebakisha picha yake hata moja nitumie. Si ya kutundika, baba hataki picha ukutani. Ni yangu mwenyewe, ya kwenye simu."

Chai nilikuwa ndio kwanza nimeiteleka. Nikafungua laptopu, nikaingia Lightroom, programu ninayopangia na kurekebishia picha, kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika Wete, kisha mama biharusi. Zikatoka picha nane. Chai haijachemka.

Leo niacheni niringe kidogo, maana mie sikuanzia hapa.

Mwaka 2017 laptopu yangu ilijaa. Nilikuwa na kamera mbili za Canon, moja yangu na moja ya kuazima, na folda ambazo majina yake naona haya hata kuyataja: HARUSI, HARUSI MPYA, HARUSI MPYA 2, ZA MWISHO, ZA MWISHO KWELI. Nikanunua diski ya nje, na usiku ule ule nikaanza kuhamisha kila kitu kwa mkono, nakata huku nabandika kule, Lightroom yenyewe nimeifunga. Sasa kamera hizi huzipa picha majina kwa namba, IMG_0001 mpaka IMG_9999, halafu zinaanza tena moja. Kamera mbili, majina yale yale. Nilipozimwaga picha za kamera zote mbili kwenye folda moja, kompyuta ikaniuliza: kuna mafaili yenye majina haya tayari, niyaweke mapya mahala pake? Saa saba za usiku, macho mazito. Nikabonyeza ndiyo kwa zote.

Nusu ya kesha la harusi moja ya Jang'ombe ikaishia pale, na memori kadi nilikwisha zisafisha kwa ajili ya kazi ya Jumamosi.

Sikujua. Asubuhi nafungua Lightroom, kila folda ina alama ya kuuliza. Nikaamini katalogi, ile orodha ya picha inayoweka Lightroom, imeharibika. Basi nikafungua katalogi mpya, nikaingiza picha upya, na ile ya zamani nikaifuta ili nipate nafasi. Nyota nilizozipa picha, rangi nilizorekebisha kwa miezi, vyote vikaenda nayo. Hakuna mwizi aliyeingia. Ni mkono wangu huu huu.

Wiki mbili baadae akaja mama wa yule biharusi, anataka picha za mwanawe akipigwa singo, yaani akisuguliwa manukato kabla ya harusi. Nikamwambia ukweli, zimepotea. Hakunifokea. Alikaa kimya, akavuta buibui lake, akasema, "Mwanangu, ungesema mapema kama kazi hii huiwezi, tungemwita mwengine." Pesa nilimrudishia zote. Neno lile ninalo mpaka leo, na nikiingia kwenye shughuli yoyote ya ukoo ule naona wanavyotazamana.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi mnaonitumia meseji kila siku kuuliza nitumie kamera gani, nitumie lenzi gani. Kamera yoyote. Hebu niulizeni picha zenu mnaweka wapi!

Katalogi haina picha ndani yake. Ni daftari la duka, mchele uko stoo. Lile faili linaloishia na .lrcat limeandikwa picha ipo folda gani, ina nyota ngapi, umeiongeza mwanga kiasi gani. Ukihamisha magunia usiku bila kuandika, asubuhi daftari litakuuliza. Ile alama ya kuuliza maana yake ni hiyo tu: mzigo umeupeleka wapi? Unabonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, unaionyesha ilipo, na kila kitu kinarudi, nyota na rangi zake. Dakika moja. Mie kwa dakika moja hiyo nilitupa kazi ya miezi. Ukitaka kuhamisha folda, ihamishe ukiwa ndani ya Lightroom yenyewe. Nasema tena, ndani ya Lightroom. Na ile nakala inayokuomba uihifadhi unapoifunga programu ni ya daftari peke yake, picha hazimo. Nimeshawaona watu wazima wamelala usingizi mnono wakidhani wana akiba.

Majina, yabadilishwe wakati wa kuingiza picha, programu inafanya yenyewe ukiiambia: mwaka, mwezi, siku, pahala, namba. Hazitagongana tena.

Halafu maneno ya kutafutia. Hapa ndipo watu wanaponikimbia, kwa sababu kazi yake inachosha na haina sifa. Hakuna atakayekupongeza mtandaoni kwa kuandika "shangazi" chini ya picha mia moja. Mie naandika usiku ule ule nikirudi harusini, kabla sijasahau yupi shangazi na yupi jirani. Usiseme kesho. Kesho una harusi nyengine.

Za kesha na za kupamba naziweka katalogi ya peke yake, kwenye diski yenye nywila. Sisi tunaopiga picha upande wa wanawake tunaaminiwa vichwa vikiwa wazi. Picha moja ikitoka nje, umeshamaliza kazi katika kisiwa hiki, na Pemba habari itafika kabla ya boti. Nakala ya pili iko kabatini kwangu, ya tatu kwa dada yangu Mwanakwerekwe, naye hajui nywila.

Kama malipo ya kila mwezi ya Lightroom yanakushinda, na yananishinda na mie miezi mengine, ipo digiKam, ya bure, na kwa kupanga, kutia nyota na kutafuta inakutosha. Usijifiche nyuma ya pesa.

Pale Mji Mkongwe ipo studio ya picha, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kila nikipita pale huwaza kitu kimoja: negativu, ile filamu ya picha za zamani, ukiiokota popote unainyanyua kwenye mwanga, unamwona mtu. Za kwetu ukiziokota unaona IMG_4512.

Na jambo la mwisho, acheni uroho. Harusi moja picha elfu mbili, za nini? Pitieni, bonyezeni P kwa ya kuchukua, X kwa ya kutupa, kisha zile za X zifuteni. Diski si shamba la urithi.

Sasa zile nane za Wete. Saba zilikuwa safi: mama kakaa pembeni ya biharusi, mama na mkufu wake, mama anapokea wageni mlangoni. Ya nane ilikuwa na X yangu ya tangu 2019. Kageuka ghafla, anacheka, sinia la mtu limemkata nusu ya uso, na yote imetikisika. Ilikuwepo kwa sababu ya uvivu wangu tu, sikuwahi kuzisafisha. Nikatuma saba. Nikasita, nikatuma na ile.

Baada ya isha akajibu, kwa maandishi safari hii: "Hii ya sinia ndiye mama khasa. Alikuwa hakai kitako."

Nikarudi kwenye laptopu, nikabonyeza U, ya kuondoa alama, ile X ikaondoka. Zimebaki mia mbili na kitu zenye X katika harusi ile. Sijazifuta.