Lisiige sura, lifuate mpango: jibu langu kutoka Oxford

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: taasisi yenye umri wa karne kadhaa ikitaka kujenga jengo jipya, je, liige majengo yake ya kale au liwe la zama zake? Mimi nasema liwe la zama zake, ila wajenzi wajue kwanza watu wa pale wanaishi vipi. Nasema hivyo kwa sababu ya koleji moja ya hapa Oxford, mji ninaoishi na kufanya kazi ya uashi. Inaitwa St Catherine's.

Kwa asiyeufahamu mji huu, Chuo Kikuu cha Oxford hakina uzio mmoja wala geti moja. Ni koleji zaidi ya 30 zilizotawanyika mjini, kila moja ina uwanja wake, ukumbi wake wa chakula, maktaba yake na vyumba vya wanafunzi wake. Mafundisho yalikuwepo hapa tangu 1096. Koleji ya Merton ina uwanja uliozungukwa na majengo ya karne ya 13 na 14, na bado unatumika. Sasa katika mji kama huo, kati ya 1960 na 1964, msanifu majengo wa Denmark, Arne Jacobsen, akasimamisha koleji nzima ya zege, kioo na matofali ya rangi ya manjano, kwenye malisho ya kando ya mto Cherwell.

Uamuzi wa kumwita mgeni ulizua manung'uniko. Lakini angalieni koleji yenyewe ilikotoka. Mwaka 1868 chuo kikuu kiliamua kuwapokea vijana wasiomudu gharama za koleji. Walisoma na kufanya mitihani kama wenzao, ila hawakuwa na koleji. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa St Catherine's Society, na mwanahistoria Alan Bullock ndiye aliyelivalia njuga suala la kuligeuza koleji kamili, akahangaika kutafuta fedha mpaka 1962 likatimia. Wenyewe walikwenda Denmark kuziona kazi za Jacobsen kwa macho yao kabla ya kumkabidhi hii. Je, watu waliokaa nje ya kuta zile kwa karibu karne nzima wangejengewa minara ya kuigiza, waonekane kama walikuwepo tangu enzi za wafalme? Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jacobsen hakuleta tu jengo la Copenhagen akalitua Oxford. Alisoma namna koleji zinavyoishi, na mpango wa zamani wote upo. Kuna uwanja wa kati, ila nyasi zake ameziweka kwa umbo la duara, na mti wa mwerezi ndani yake. Kuna mnara wa kengele. Ukumbi wa chakula na maktaba viko hapo katikati, na vyumba vya wanafunzi vimepangwa kwenye majengo mawili marefu ya ghorofa tatu, yanayotazamana kutoka pande mbili za uwanja. Hapa kuna jambo ambalo mpita njia halioni: vyumba vile havikupangwa kwenye korido ndefu kama za hosteli. Vimepangwa kuzunguka ngazi, kundi dogo la vyumba kwa kila ngazi, vilevile kama kwenye koleji za kale. Kwa hiyo mwanafunzi anajua majirani zake wa ngazi moja, anapishana nao asubuhi akienda kuoga, anawajua kwa majina. Utaratibu huo ni wa karne nyingi, na umekaa ndani ya jengo la kioo bila shida yoyote.

Kama fundi, kinachonivuta zaidi ni matofali. Si matofali ya kawaida ya Uingereza. Ni membamba, unene wake kama inchi mbili, na vipimo vya jengo vimepangwa kwa nidhamu kiasi kwamba ukikaribia ukuta ukafuata mstari wa udongo wa kujengea kwa kidole, unakwenda nao mpaka mwisho bila kukuta kipande kilichokatwa ili kuziba pengo. Anayejenga anajua jasho la kupata kitu hicho. Boriti za zege zimeachwa wazi, hazikufichwa kwa plasta. Ndani, Jacobsen alichora hata viti, taa, vijiko na uma, na kwa meza ya wakuu akabuni viti vyenye mgongo mrefu sana. Bustani nayo ni yake, pamoja na vile vijikuta vifupi na ua wa miti iliyokatwa kwa mstari. Mwaka 1993 koleji iliwekwa daraja la kwanza la majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, daraja lile lile la kuta za kale kabisa za mji huu.

Msomaji atauliza: na yale ya 2023? Ni kweli. Mwaka huo Uingereza ilishtushwa na aina ya zege jepesi lenye mapovu ya hewa, linaloitwa kwa kifupi RAAC. Lilitumika sana tangu miaka ya 1950 kwa sababu ni jepesi na linawahi kufungwa. Maji yakilipenya, nondo zake zinashika kutu, na linaweza kuporomoka bila kutoa dalili. Shule zaidi ya mia zilipata agizo la kufunga majengo yao siku chache kabla ya muhula kuanza. St Catherine's nayo ilikutwa na zege hilo. Ukumbi wa chakula ukafungwa pamoja na sehemu nyingine, wanafunzi wakawa wanakula kwenye mahema.

Nimewasikia watu wakisema, mnaona sasa, ya kisasa hayadumu kama ya mawe. Hapo nakataa kabisa, na nakataa kwa sababu ya kazi yangu. Jiwe la Headington lililotumika kwenye majengo mengi ya Oxford lilikuwa likibanduka magamba na kumeguka kwa moshi na mvua. Kuanzia 1957 zilichangwa fedha nyingi, na mafundi wakaziondoa nyuso za kuta zilizooza wakaweka mawe mapya. Sehemu kubwa ya kuta ambazo wageni wanazipiga picha kama za kale, uso wake ni wa juzi tu. Hata vile vichwa vikubwa vya mawe mbele ya Sheldonian, ukumbi wa sherehe wa chuo kikuu, vilibadilishwa 1868, jiwe likawa baya, vikachongwa tena 1972. Hakuna aliyesema Oxford ya kale imeshindwa. Walisema jiwe ni bovu, likatolewa. Basi na zege hili ni bovu, nalo litolewe. Zege hilo hilo limekutwa kwenye shule na hospitali ambazo hazina uhusiano wowote na Jacobsen.

Na koleji yenyewe imeshapimwa kwa swali lenu. Ilipohitaji vyumba zaidi miaka ya 1990 na 2000, msanifu Stephen Hodder hakujifanya Mdenmark. Alijenga kwa lugha yake, akaendeleza mpango ule wa vyumba kuzunguka ngazi.

Kwa ukarabati wowote wa koleji hii ombi langu ni dogo tu. Paa likibadilishwa, mafundi waheshimu unene wa ukingo wake kama ulivyochorwa, wasiongeze hata inchi kwa kurahisisha kazi, kwa sababu wembamba ule ndio unaofanya kuta za kioo zionekane zimesimama zenyewe.