Skuta ya kwanza Mwanza: anza na helmeti

Dada, umeuliza ununue kifaa gani kwanza, maana skuta ya kukutoa Nyegezi hadi mjini tayari unayo. Helmeti, tena inayofunika hadi kidevu. Funga mkanda, tikisa kichwa. Ikicheza, ni kubwa, iache. Ya mtumba usichukue hata kama inang'aa: povu la ndani likishapata kishindo halikulindi tena, na kwa nje huoni kitu. Kisha glavu, kwani anayeanguka hutanguliza viganja, na viatu vinavyofunika vifundo. Kandambili hapana kabisa!

Magurudumu ya skuta ni madogo, kwa hiyo hata kashimo huyumbisha. Zoea breki zote mbili kwenye uwanja mtupu ndipo ujaribu mteremko wa Bugando, na mvua ikinyesha jihadhari na mchanga unaoshuka toka milimani.