Themu yangu ya duka ilipigwa chini mara mbili, nilichorekebisha ni hiki

Wana Kusini habari zenu. Kuna vijana wawili hapa Mtwara wameniuliza inakuwaje mtu anapeleka themu ya duka la mtandaoni (yaani muundo wa duka uliotengenezwa tayari) kwenye soko la kuuzia themu inakataliwa wakati demo, yaani duka la mfano, inavutia, na mi yangu ilikataliwa mara mbili kabla haijapita, basi ngoja niseme.

Kosa langu kubwa, themu niliijenga iifae demo yangu tu. Duka la korosho, picha nimepiga mwenyewe, majina mafupi mafupi, "Korosho", "Ming'oko", kila kadi ya bidhaa imekaa sawa na mwenzake. Sasa mkaguzi wa soko hana habari na korosho zako, yeye anaingiza jina la mistari mitatu, anatoa picha, anaweka bei ya punguzo, bidhaa iliyoisha, kapu tupu, halafu anaangalia. Kwangu kitufe cha kununua kilisukumwa mpaka kikatoka nje ya kadi. Na wala sio ukali, mama wa Newala akiamua kuandika "Korosho zilizobanguliwa za kukaanga chumvi kidogo kilo moja" ana haki yake, duka ni lake. Siku hizi demo naijaza majina ya hivyo toka siku ya kwanza.

Halafu weka mausi pembeni, bonyeza Tab toka juu mpaka kwenye kapu. Menyu yangu ilikuwa inafunguka kwa mausi tu, yaani mtu asiyeona anayetumia kibodi na kisoma skrini asingefika hata kwenye bidhaa, hii iliniuma kweli. Na rangi nayo, nilipenda sana kijivu cha #999 (hiyo ni namba ya rangi) juu ya nyeupe, ila WCAG, miongozo ya ufikivu wa tovuti, wanataka tofauti ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na hicho hata 3 hakifiki. #767676 inapita kwa tabu, mi naenda nyeusi zaidi.

Kuhusu kasi, soma masharti ya soko lako kabla hujaandika msimbo. Shopify (jukwaa la maduka ya mtandaoni) kwa mfano wameweka wazi, wastani wa alama za Lighthouse, kifaa cha Google cha kupima tovuti, usipungue 60 kwa kasi na 90 kwa ufikivu, yaani urahisi wa kutumiwa na watu wenye ulemavu, wanapima home, ukurasa wa bidhaa na wa kundi la bidhaa. Mi kilichoniangusha ni slaida ya juu (picha zinazopokezana), picha tano nzito, na lazy loading, yaani kuchelewesha picha mpaka mtu aifikie, nimeiweka mpaka kwenye picha ya kwanza ambayo ndo mteja anaisubiri. Nikaitoa slaida nikabaki na picha moja ya WebP (aina ya faili la picha jepesi), nikaijaribu kwa simu ya bei rahisi nikiwa Mikindani, ikafunguka vizuri.

Leseni za fonti na picha zihifadhi, wataziuliza.

Kilichonirudisha mara ya pili ni hiki: mkaguzi alitaja kosa kwenye ukurasa mmoja, nikarekebisha huo huo tu, kumbe alikuwa anatoa mfano na kurasa zingine sita zina kosa lile lile. Kila alichotaja kitafute themu nzima, halafu mwandikie umebadilisha nini na wapi. Ukiwa Lindi au Masasi unajenga yako nitumie demo kabla hujaipeleka, nitaipitia kwa Tab na kwa simu hiyo hiyo.