Atasoma nini PCB kidato cha tano?
Dada, umeuliza binti yako aliyepangiwa PCB (mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia) atakutana na nini kwenye baiolojia na kemia. Baiolojia wanaanza na seli, uainishaji wa viumbe, baadaye urithi na ikolojia. Maabara atapasua mende, chura, hata panya, basi mwandae kisaikolojia mapema. Kemia ndiyo inawatoa jasho wengi, hasa moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za dutu: moli moja ni chembe 6.02 × 10²³, na asipoielewa vizuri, hesabu za asidi na besi za kwenye bureti (mrija wa kioo wa kupimia kimiminika) zitamtesa mpaka kidato cha sita. Likizo hii arudie moli ya kidato cha tatu, tafadhali. Tuisheni Dar zimejaa, ila mtafutie yenye maabara.