Jibu: Naganda mume akipaza sauti, na ushauri nasaha umenizidishia jinamizi

Habari dada. Umesema unaganda mumeo akipaza sauti, kama enzi za kipigo cha baba, na tangu kile kikao cha kwanza hapo Kisumu jinamizi limezidi.

Kwanza: mumeo anakupiga? Kama ndiyo, mwili unaonya kuhusu leo, si zamani. Usalama utangulie, na msiende kikao pamoja.

Kama hapana, huenda wewe na mshauri mlikimbia mno. Kusimulia yote siku ya kwanza, kabla hujajua kujituliza, huamsha hofu upya. Mwambie mshauri muanze na utulivu: nyayo sakafuni, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa 6. Akikulazimisha kusimulia, tafuta mwingine tu.

Nyumbani ukiganda, sema “nipe nusu saa”, halafu urudi kweli. Kimya kisicho na mwisho humpandisha mumeo hasira. Ukizidiwa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.