Tanga mjini mwezi wa saba: sweta la nini?
Unauliza kama ubebe sweta ukija Tanga mjini mwezi wa saba, maana umeambiwa kuna baridi kali. Hapana, sweta huhitaji. Aliyekwambia Tanga kuna baridi kali mwezi wa saba kachanganya mji na mkoa. Baridi hiyo ni ya Lushoto, juu milimani Usambara, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Tanga mjini tuko ufukweni kabisa, kwenye ghuba, Kisiwa cha Toten unakiona ukiwa umesimama bandarini.

Mimi mtoto wa Ngamiani, hapa hapa mjini, mwezi wa saba nalala na shuka moja tu. Ni kweli ndio wakati wenye nafuu, kwa sababu upepo wa kusi unavuma na usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 na kidogo. Ila ukishuka stendi ya Kange saa nane mchana, wanaotoka Lushoto utawajua tu: koti limeshavuliwa, liko begani.

Joto lenyewe njoo ulione mwezi wa pili, msimu wa upepo wa kaskazi. Nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari juu yake, shati linaganda mgongoni kabla hujamaliza chai.

Cha kubeba labda mwavuli. Masika huanza mwezi wa tatu, mwezi wa tano ndio unaongoza kwa mvua, na manyunyu ya hapa na pale hayakosekani hata mwezi wa saba. Kama ratiba yako inapanda hadi Lushoto au Amani, hapo sawa, beba hilo sweta.