Barua kwa mwanangu: hiyo milioni 2 na laki 8 ya zege

Mwanaidi mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeiona jana usiku nishapanda kitandani, ati fundi kakwambia zege la kutoka getini mpaka barazani, mita 12 kwa mita 3, ni milioni 2 na laki 8 na simenti mifuko 40, na unaniuliza mama hii bei ni halali au napigwa. Nakujibu kirefu manake la hapa kwetu Ngamiani nililisimamia mwenyewe, baba ako yuko safarini, na nililia nalo.

Umemuuliza unene? Hapo ndo pa kuanzia. Gari lenu ni dogo, inchi 4 zinatosha. Mita 12 mara 3 mara sentimita 10, ndo hizo inchi 4, unapata kyubiki (mita za ujazo) 3.6, na kwa mchanganyo wa moja mbili nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, kyubiki moja inakula mifuko sita na nusu hivi, kwa hiyo mifuko 25 inatosha na ya kumwagika imo. Sasa 40 yake imetoka wapi? Usimwite mwizi haraka, labda kapiga inchi 6, hapo inafika 35, 36. Inchi 6 ni za malori, na nyie lori mnalo wapi?

Alafu tuchukulie mfuko elfu 17, hata ukimpa yote 40 ni laki 6 na elfu 80, haijafika hata robo ya hela anayotaka. Muulize iliyobaki inaenda wapi, akuandikie kwenye karatasi: kokoto tripu ngapi, mchanga, meshi (wavu wa chuma wa ndani ya zege), mbao za pembeni, kifusi cha kujazia chini, kushindilia, vibarua, chake yeye. Akianza kukwambia "mama niamini tu" tafuta mwingine.

Na kwenye hiyo karatasi angalia sana kifusi na kushindilia, kama haviko basi bei hata iwe rahisi vipi ni hasara. Mimi fundi wangu alimwaga zege juu ya udongo mweusi tuliokuwa tunalima mihogo, hajaondoa, hajashindilia, mi naona linapendeza tu kama lami ya mtu mzima. Tena saa saba mchana, jua la Januari, zege likawa zito akawa anaongeza maji lishuke kiulaini, kesho yake hakuna aliyelimwagilia, siku ya nne likaingia lori la matofali ya jirani. Mwanangu, lilipasuka kutoka geti mpaka chini ya mwembe. Kulivunja nililipa vibarua, kuutoa uchafu nikalipa, ndo nikaanza kununua simenti upya.

Kwa hiyo lako waanze alfajiri. Kila mfuko ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, zile ndoo za lita 20, na maji yasizidi sana ndoo moja na kidogo, simama hapo hapo uhesabu hata wakikununia. Kila mita 3 waache mkato, ule mstari wa kulifanya zege lisijipasukie ovyo. Mteremko sentimita 2 kila mita, uelekee nje, sio barazani kwako. Likishaganda funika magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7, na gari lisikanyage kabla ya hapo. Mchanga wa ufukweni usikubali hata ukiuziwa bei ya kutupa, Bagamoyo kuko karibu na bahari na watakuletea, chumvi yake inakula chuma cha ndani.

Ila mi ningekuwa wewe nisingemwaga lote. Weka mistari miwili ya matairi tu, kila mmoja upana sentimita 60, katikati panda ukoka. Hiyo ni kama kyubiki moja na nusu, mifuko 10, na maji ya mvua yanapata pa kuzama badala ya kukujia mlangoni. Mumeo atasema haipendezi, mwambie aongeze hela yeye.

Masika inaingia Machi, msiburuze. Wakishachimba nipigie picha kabla hawajamwaga chochote, nione kama ule udongo wa juu wameutoa kweli. Shangazi ako anauliza ile kanga yake umeituma na nani.

Mama